Ini la Mwokaji wa Soni

"Ini halina mdomo, lisemewe na wawili." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkauliza imetoka wapi. Wajukuu zangu, imetoka humu nyumbani, na ilianza hivi.

Babu yenu Shekalaghe alikuwa mwokaji mikate hapa Soni. Siku zile, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, watu walijua kumekucha kwa harufu ya tanuri lake. Pombe hakuionja maisha yake yote, ila chai yake ilikuwa sukari tupu, na andazi halikumpita.

Mwaka mmoja alipigwa picha ya tumbo. Daktari Mbwambo, rafiki yake na mteja wa kila asubuhi, akamwambia ini limejaa mafuta, na anahofia limeshaanza kusinyaa. Babu yenu alirudi, akazima tanuri, akaanza kunionyesha mipaka ya shamba. Nilimfuata kati ya migomba nikilia kimya kimya.

"Twende kwa daktari mwingine," nikamwambia.

"Nimwaibishe Mbwambo? Mtu aliyekuzalisha wewe?"

"Kwani unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Ini lenyewe halisemi kitu."

"Halina mdomo, mume wangu. Basi lisemewe na wawili."

Kesho yake nilimpeleka kwa Mbwambo mwenyewe, nikamweleza kwa adabu. Akavuta karatasi.

"Mama Hoza, mimi nimeona picha tu. Niliyosema mengine ni hofu yangu. Tanga kuna bingwa mwenye kipimo cha kujua ini limekuwa gumu kiasi gani. Nawaandikia barua."

Bingwa yule, mama mmoja mpole, alipima akasema, "Mafuta yapo, daktari wenu hakukosea. Lakini kovu halijaingia, wala ini halijasinyaa. Mzee, punguza sukari na vya kukaanga, utembee kila siku. Yatapungua."

Tukiwa njiani kurudi, babu yenu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu.

Tanuri likawaka tena, na mikate akawa anaipeleka kwa miguu hadi vijiji vya juu. Mwaka uliofuata picha ilionyesha mafuta yamepungua sana. Mbwambo ndiye aliyeyatawanya maneno yangu, akimwambia kila mgonjwa aliyesita kwenda kwa daktari wa pili. Babu yenu aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, nanyi nyote mmekula mkate wake ungali moto.

Ndiyo hivyo, wanangu. Ini halina mdomo, lisemewe na wawili.