Kima Aliyeishika Barafu ya Kibo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wakubwa kwa watoto, nina jambo.

Hapo zamani za kale, msituni chini ya mlima Kibo, aliishi kima jike, jina lake Manka. Kila asubuhi alitazama juu. Kileleni kulimeta kitu cheupe. Ni wingu? Ni maziwa? Hakuna aliyejua.

Siku moja akapanda. Akapanda, akapanda, akapanda. Miti ikaisha. Majani yakaisha. Ukabaki upepo, vuuu! vuuu! Akavuka kijito, mikono ikalowa, hakuikausha. Mara akasimama. Loo! Ukuta mweupe, mrefu kuliko miti yote, ndani unang'aa buluu! Manka akasahau hata kupumua. Akauwekea viganja vyote viwili. Akakaa hapo, akakaa, hata jua likahama.

Vidole vikamchoma. Kisha vikanyamaza.

"Afadhali, baridi imeniacha," akasema.

Kumbe! Aliposhuka hadi mapango ya pimbi, vidole vilikuwa vyeupe kama nta, vigumu kama vijiti. Akaving'ata. Hasikii kitu!

"Mama wee! Mikono hii si yangu!"

Kaka yake Mlaki, aliyekuja kumtafuta, akavidaka. "Lete nivisugue!"

"Acha!" Mama Pimbi, mzaliwa wa baridi, akatoka pangoni. "Ukisugua utamharibu nyama."

"Basi nikoke moto!"

"Moto utamuunguza, naye hatasikia. Mwingize ndani."

Mama Pimbi akapasha maji yakawa ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko. Chubwi! Mikono ikazama. Yakipoa, anabadilisha. Yakipoa, anabadilisha.

Wekundu ukarudi polepole. Na maumivu yakarudi! Manka akapiga yowe, pango likaitika.

"Lia, mwanangu," akasema Mama Pimbi. "Kinachouma kiko hai."

Malengelenge yakatoka, Mama Pimbi hakuyatumbua. Akafunga kila kidole peke yake kwa manyoya makavu. "Vikiganda tena, utavipoteza. Usishike kitu." Mlaki akambeba mgongoni hadi msituni.

Vidole tisa vikapona. Cha kumi kikawa cheusi, kikakatika. Manka hakuacha kuusimulia ule ukuta, na kila aliposimulia alishusha sauti.

Basi jueni: baridi kali ikiacha kuuma, hapo ndipo pa kuogopa. Jifunike, kaa mkavu, rudi mapema. Na aliyeganda asisuguliwe, wala asisogezwe motoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye vidole tisa vya Manka. Hesabuni vyenu.