Kamba ya Mbuzi na Mashine ya Alizeti

"Salio ni kamba; ukiiachia, usimlaumu mbuzi." Mmenisikia nikimwambia hivyo fundi wa bati asubuhi, mkaanza kucheka, eti bibi ana mbuzi gani. Haya, kaeni niwaambie. Msemo huo ulianzia hapahapa Singida, kwenye kikundi chetu cha akina mama, na mimi nilikuwepo. Tena nilikuwa upande wa wajinga.

Tulikuwa kumi na wawili, tunalima alizeti na kuwauzia walanguzi kwa bei ya kutupa. Tukaamua kuagiza mashine yetu ya kukamua mafuta moja kwa moja kutoka China. Kila mtu akauza alichonacho. Mwenyekiti wetu, Zuhura Njiku, mjane mwenye watoto watano, aliuza ng'ombe wake wa kulimia. Wote wawili! Mashine ikikataa, hana mafuta wala wa kumvutia jembe.

Tulikubaliana na kiwanda tutangulize theluthi, mashine ikikamilika ikaguliwe kulekule, ndipo tumalizie. Theluthi tukailipa benki, kwenye akaunti yenye jina la kiwanda. Wiki ya tano ukaja ujumbe: mkimalizia kabla ya Ijumaa, bila kungoja ukaguzi, tunawapunguzia laki sita.

Jamani, laki sita! Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. "Lipa, Zuhura! Mkaguzi wa nini? Wale wanatengeneza mashine tangu hujazaliwa!" Wenzangu wakaitikia. Alhamisi nikamsindikiza benki.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na njia inapita hapo. Tukasimama kumsalimu mjomba wake, Mzee Hango, dalali wa mbuzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mmependeza hivyo?"

"Tunakwenda kumalizia fedha za mashine."

"Imefika?"

"Bado iko China."

"Nani ameiona ikizunguka?"

"Hakuna. Wametuma picha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi nipe elfu themanini. Nina mbuzi wako nyumbani, mnene kweli. Picha ninayo."

"Mjomba nawe! Nitoe fedha kabla sijamwangalia meno, wala kamba sijaishika?"

"Kumbe unajua! Hapa mnadani hakuna anayetoa shilingi ya mwisho kabla ya kushika kamba. Sasa huko China, kamba yenu ni ipi?"

"Ni hilo salio," akasema Zuhura. "Hatuna nyingine."

Akageuza, akarudi nyumbani. Mimi nilinuna njia nzima. Nikamwambia ametutupia laki sita kwa ajili ya maneno ya mzee wa mbuzi.

Tukamlipa mkaguzi wa kulekule. Alipoiwasha mashine akakuta mota ni ya umeme wa njia tatu, ule wa viwandani. Kijijini kwetu umeme ni wa njia moja, na ndivyo tulivyoandika kwenye oda. Ingefika hapa ingekuwa chuma tu!

Kiwanda kikajivuta, kikasema mota tuibadilishe sisi wenyewe huku Singida. Zuhura akawaandikia mstari mmoja: "Badilisheni mota, salio lipo." Siku kumi hazikuisha, mota ikabadilishwa. Mkaguzi akatutumia video, mafuta yanachuruzika. Ndipo tukamalizia, akaunti ileile, jina lilelile.

Wenzetu wa kijiji cha pili waliagiza kutoka kiwanda hichohicho. Wao walilichukua lile punguzo, wakalipa zote. Mashine ikawajia na mota ya njia tatu, na kila wakipiga simu wanaambiwa, "Tutaangalia." Mwenyekiti wao akaja kwa Zuhura analia kwamba kiwanda kile ni cha wezi. Zuhura alimpa maji ya kunywa, akamwacha amalize, kisha akamwambia maneno yale mliyoyasikia asubuhi. Mashine yao ipo mpaka leo. Kuku wanatagia ndani.

Zuhura alinunua ng'ombe wengine msimu uliofuata. Nami nilikwenda kumwomba radhi, na Mzee Hango nikampelekea dumu la mafuta.

Basi fundi wa bati akirudi jioni kuulizia fedha yake, mwambieni bibi anangoja mvua ya kwanza aone kama paa linavuja. Akinuna, mwacheni anune, hata mimi nilinuna. Salio ni kamba. Ukiiachia, usimlaumu mbuzi.