Pimbi na Kiti cha Mbele

"Hadithi, hadithi!"
"Njoo na nyuzi, njoo na utamu!"

Paliondokea Pimbi, jina lake Tumu, mdogo kama kiatu, mpiga chelo. Mnaijua chelo? Lile zeze nene linalokaa kati ya magoti, likingurumia kifuani. Tumu alianza kwenye harusi za panya. Akapiga, akapiga, vidole vikaota sugu. Akaenda kwenye ngoma za kuku. Akapiga, akapiga, mpaka akaingia okestra ya Korongo, akapewa kiti cha nyuma kabisa.

Siku moja kiti cha mbele kikabaki wazi, Korongo akatangaza jaribio la kumpata wa kukikalia. Anayekikalia hula kabla ya wote karamuni! Moyo wa Tumu ukadunda, du-du-du!

Mara akaja Kiboko, asiyejua kupiga hata mluzi.

"We Pimbi! Kiti kile changu. Siku ya jaribio, jifiche na chelo yako nyuma ya mgongo wangu. Wewe piga, mimi nitajifanya napiga. Ukikataa, nakukalia!"

"Sawa, mzee wangu. Na pa kuacha nitapajuaje?"

"Nitasema nyamaza."

"Nikisikia nyamaza, ninyamaze?"

"Papo hapo!"

"Sawa, mzee wangu."

Siku ikafika, wanyama wakajaa tele. Kiboko akaketi na chelo ya kuazima, kiti kikalia kwiii! Akapunga upinde wake wa kupigia nyuzi hewani. Nyuma ya mgongo, Tumu akapiga: zuum-zum, zuum-zum! Twiga akatokwa na machozi. Kobe akainuka kucheza.

"Lahaula!" Korongo, mshika fimbo ya kuongoza okestra, akasema. "Kumbe Kiboko fundi!"

Tumu kusikia hivyo, roho ikamuuma. Akapiga chafya ya makusudi: "Chyaa!"

"Nyamaza!" Kiboko akanong'ona.

Kimya kikatanda, ji! Kiboko bado anapunga upinde, jasho linamtiririka.

"Piga!" akanong'ona.

"Si umesema ninyamaze, mzee wangu?" Tumu akajibu, sauti ikafika hadi mlangoni.

Kiboko, kwa aibu, akauburuta upinde kwa nguvu zake zote: kwaruuu! Nyuzi zikakatika, ta! ta! ta! Wanyama wakaangua kicheko. Kiboko mbio mpaka mtoni, chubwi!

Tumu akajitokeza, akaumalizia wimbo. Korongo akamketisha mbele, juu ya rundo la mito, na karamuni akaanza yeye kula tikiti maji, tumbo likawa ngoma.

Funzo, wanangu? Mdogo amtii mkubwa, neno kwa neno. Mmeona mtiifu alivyofaulu!

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, pigeni makofi. Ikiwa chungu, tieni sukari wenyewe.