Gari Lililopimwa kwa Mkwe

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni masika mawili tu yaliyopita, palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima magari na kuyaandika gazetini. Mtu huyo ni mimi, Lugano. Kaeni chini. Mgongo wangu umechoka kwa viti vya magari ya watu, na masikio yamechoka kwa swali lenu. Haipiti siku bila mtu kunipigia simu: "Lugano, gari gani zuri la familia? La viti saba, lenye raha ndani, na linalopanda milima?" Nimeandika, nimesema redioni, na bado mnauliza. Leo sijibu. Leo nasimulia, halafu nauliza mimi.

Basi kwetu Rungwe, kule juu ambako barabara ya lami inakuacha, palikuwa na mzee aitwaye Mwangomo. Figo zake zilikuwa zimeanza kumgomea, akawa kila mara anateremshwa hospitali. Mwanawe Gwakisa, mfanyabiashara wa mbao pale Tukuyu, akaona aibu baba kubebwa kwenye gari za kukodi. Akaniita.

"Kaka Lugano, nataka gari la heshima. Tuingie wote. Mimi, mke wangu, watoto watatu, baba na mama. Wangapi hao?"

"Saba."

"Basi nipimie."

Uchovu wangu ulianzia hapo. Mila yetu mnaijua. Wengi wenu mmeiacha, sawa, sigombani na mtu. Lakini Mzee Mwangomo hakuiacha. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia shambani na kugeuka mpaka mzee apite. Tusekile, mke wa Gwakisa, alikuwa ameolewa miaka kumi na miwili, amezaa wajukuu watatu wa mzee, na hajawahi kumwambia mzee shikamoo. Haya, watu wawili wa namna hiyo utawatiaje ndani ya gari moja?

Gwakisa alikuwa ameyaona magari matatu kwa wauzaji wa Mbeya. Jeusi, jeupe, na la kijani. Nikaanza na jeusi.

Jeusi lilikuwa na ngozi laini viti vyote, na kisanduku cha kupoza maji ya kunywa. Nikalipima kwa mlima, likapanda. Nikalipima kwa matope, likatoka. Nikalipima kwa mkwe, likashindwa. Kwa nini? Mtoto mdogo wa Gwakisa hakai bila mama yake, kwa hiyo Tusekile atakaa katikati. Na kwenda viti vya nyuma kabisa ni lazima upite hapo hapo katikati. Mzee yule anasimamisha gari kila baada ya vilima viwili ajisaidie. Kila akishuka ampitie mkwewe magotini? Haiwezekani. Nikarudisha funguo.

Nikachukua jeupe. Lo, hilo lilikuwa gari! Unakaa ndani husikii hata mvua. Nikalipima kwa mlima, likapanda. Nikalipima kwa matope, likatoka. Nikalipima kwa mkwe, likashindwa vibaya zaidi. Walikuwa wameliwekea kamera ya ndani, ili mzazi aliye mbele awaone watoto walio nyuma. Nikajaribu kukaa nyuma kabisa huku muuzaji akikaa mbele. Uso wangu ulijaa kwenye kile kioo cha picha kilicho mbele ya dereva, mkubwa kama picha ya mgombea ubunge. Nikatafuta pa kuizima, nikapaona. Lakini ukizima gari na kuliwasha tena, kamera nayo inajiwasha. Nikarudisha funguo.

La kijani lilikuwa limezeeka kidogo, na raha yake ya kawaida. Nikalipima kwa mlima, likapanda. Nikalipima kwa matope, likatoka bila hata kulalamika. Nikalipima kwa mkwe. Viti vyake viwili vya nyuma vinatazamana, unavifikia kwa mlango wa nyuma, na ukikikunja kimoja, mgonjwa anapata pa kulala. Nilijilaza humo Jumamosi nzima, mtu mzima mimi, miguu imekunjwa, muuzaji akinizungusha kwenye makorongo. Nikaona pazia linaweza kufungwa pale katikati. Nikamwambia Gwakisa: "Chukua hili."

"Kaka, hili? Wenzangu watanicheka. Roho yangu iko kwenye jeupe."

"Roho yako peleka unakotaka. Baba yako atapanda hili."

Akalichukua, lakini alinuna. Aliuza kiwanja chake cha pale mjini, kile alichokusudia kujenga nyumba ya kupangisha, akalinunua. Tusekile akashona pazia zito la buluu. Miezi minane mzee akapanda na kushuka, mkwe katikati, mzee nyuma, pazia kati yao, kila mtu na heshima yake. Mimi nikajisifu gazetini.

Ila nilikosea. Nilipima kila kiti kwa mkwe, isipokuwa kimoja. Kiti cha dereva nilikiandikia jina la Gwakisa bila hata kufikiri, na Tusekile kabla hajaolewa alikuwa anaendesha pikapu ya maziwa ya ushirika, milima hiyo hiyo, masika hayo hayo. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku mkwe akishika usukani. Si mimi, si Gwakisa, si mtu.

Siku yenyewe ikaja, mwezi wa nne, mvua siku ya sita haijakatika. Gwakisa yuko mpakani Kasumulu na lori la mbao, na maji yamekata barabara nyuma yake. Haya mengine nilisimuliwa na Mama Gwakisa, mke wa mzee. Anasema mzee alivimba mpaka usoni, pumzi ikawa inakwama. Mama akampigia simu Tusekile.

"Mwanangu, baba yenu anatutoka."

"Mama, Gwakisa hawezi kufika leo."

"Najua. Njoo wewe."

Tusekile akasema, "Mama, nitampakiaje baba?"

"Wewe lete gari. Mengine niachie mimi."

Akapanda na gari kutoka Tukuyu. Alipofika uani hakushuka. Alijifunika khanga kichwani mpaka machoni, akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia juu, akatulia anatazama mbele. Majirani wawili wakambeba mzee mpaka mlango wa nyuma, wakamlaza. Mzee akafumbua macho.

"Nani anaendesha?"

"Lugano," akasema Mama Gwakisa. "Yule mpimaji wa magari."

"Mbona hanisalimii?"

"Ana jino linamuuma, shavu limevimba. Lala, baba, usijichoshe."

Majirani walijua. Wakatazama chini. Mzee akalala.

Wakaondoka. Kule wanakokuita Kwa Mwashuma udongo wa mlima ulikuwa umemwagika njiani, na gari likazama upande mmoja. Tusekile akaweka gia ya matope, tairi zikazunguka bure. Mama Gwakisa, na miaka yake sabini, akashuka kutafuta mawe na matawi ya kuweka chini ya tairi. Akiwa huko nje, mzee akaanza kutapika, na amelala chali.

Tusekile alisikia. Anasema alingoja kidogo, akimwita mama kwa honi. Mama yuko bondeni, kwa mvua ile hasikii. Mzee akawa anakoroma vibaya. Ndipo Tusekile alipolivuta lile pazia alilolishona mwenyewe, akaruka viti, akamwinua mzee, akampakata kichwa. Akamsafisha mdomo kwa khanga yake. Nguo za mzee zilikuwa zimechafuka, akamvua, akamfunika blanketi. Kila kilichokatazwa kwa miaka kumi na miwili alikifanya kwa dakika chache. Mzee alikuwa amefumba macho. Akasema tu, "Ndaga, Lugano. Mungu akuzidishie." Ndaga ni ahsante. Tusekile alirudi mbele, mama akaweka mawe, gari likatoka, wakafika. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa.

Mzee akapona, kama unaweza kukuita kupona. Akaruhusiwa, ila akaambiwa sasa damu yake itasafishwa hospitalini mara mbili kila wiki, Jumatatu na Alhamisi, na akikosa wiki mbili basi, hana maisha. Akarudi nyumbani, akakaa kitako, akasema kwenye zizi lake kuna mtamba mwenye mimba. Mtamba huyo ni wa mtu aliyemwokoa. Lugano aitwe.

Nikaitwa. Nami sijui lolote! Nimekuja na tabasamu, nadhani naalikwa chakula. Mama Gwakisa akanidaka kabla sijafika uani, akaniburuta nyuma ya jiko. Gwakisa yupo, Tusekile yupo. Wakanieleza yote. Nikakalia ndoo.

Gwakisa akaanza. "Baba anaweza kumtaja amtakaye, lakini tusemeane ukweli. Nimeuza kiwanja. Sina kingine. Lisingekuwapo gari, baba angekufa hata na huo uongo wenu. Mtamba ni wangu."

Mama Gwakisa akamkata. "Kiwanja! Gari lilishafika uani, na baba yako asingelipanda. Unamjua. Angejua ni mkwewe, angejiviringisha chini afie mlangoni. Mimi miaka arobaini na tisa sijamdanganya mume wangu hata kuhusu chumvi. Siku ile nikamdanganya, na sasa hivi nikimtazama nashindwa kula. Mawe yale niliyabeba mimi. Mtamba ni wangu."

Wakanitazama. Nikasema, kwa uchovu, lakini nikasema: "Lingekuwa jeupe, mzee angekaa wima, na asingefika. Hilo la kijani mlilicheka. Kuna mtu alijikunja humo Jumamosi nzima. Na jina lililotumika ni la nani? Mimi nami nina changu."

Tusekile alikuwa ameegemea ukuta. Gwakisa akamsukuma aseme.

"Mimi ng'ombe wa kazi gani?" akasema. "Maziwa nimeyauza mpaka nimeyachoka. Lakini mnajua na nyinyi. Mzee akimpa mkwe wake ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe, kujificha kunakwisha. Namsalimia, ananijibu. Nampelekea uji, anapokea. Nimempakata yule mzee, shemeji. Nimemsafisha kama mwanangu. Halafu jana nimekutana naye njiani, nikaingia kwenye majani ya chai, nikageuka. Nimechoka kugeuka."

Akalia. Gwakisa naye akageukia ukutani.

"Basi tumwambie," nikasema.

Mama Gwakisa akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Umwambie kwamba mkwewe amemwona uchi? Alishawahi kusema mwenyewe, mbele yangu: siku mkwe akiniona, mnizike kesho yake. Halipandi tena lile gari, Lugano. Namjua. Jumatatu halipandi, Alhamisi halipandi. Na wiki ya tatu haifikii."

"Na msipomwambia," akasema Gwakisa, "Jumatatu nani anaendesha? Mimi nikisafiri nani anaendesha?"

Sote tulijua ni nani, na khanga kichwani, na jina langu mdomoni mwa mama.

Tukasikia mzee anaita. Nikatoka. Nikamkuta kwenye kiti, blanketi magotini, mtamba mwekundu amefungwa pembeni, amenawiri. Nikamwamkia. Akanijibu, akaniita mwanangu, akashika mkono wangu akaugeuza geuza.

"Mkono huu," akasema. "Siku ile nilidhani nimekwisha, mkono huu ukaniinua. Hata mama yangu mzazi hakunishika vile. Ng'ombe huyu hagawanywi na hauzwi. Ni wa mkono huu."

Mkono wangu una sugu za usukani na kucha zilizovunjika. Akautazama. Akautazama tena, muda mrefu, kisha akanitazama usoni. Hakusema alichokiona, na mimi sijui aliona nini. Akafungua kamba, akaishika mbele yangu.

"Dereva wangu ndiye aichukue," akasema.

Nilijua wamesimama nyuma ya jiko watatu, wote wanasikiliza. Aliyeuza kiwanja yuko pale. Aliyemdanganya mumewe ili mumewe aishi yuko pale. Aliyeendesha, akapakata, akasafisha, akarudi kujificha, naye yuko pale. Na mimi niliyechagua gari nimesimama mbele ya mzee, mkono umenyooka nusu. Nikitaja jina la kweli, huenda nimemfungulia Tusekile mlango, na huenda nimemwua mzee. Nisipolitaja, mzee ataishi, na mwanamke yule ataingia kwenye majani ya chai mpaka siku ya kumzika.

Haya, nyinyi mnaonipigia simu kila siku kuuliza gari. Magari nimeshawajibu sana. Sasa nijibuni mimi: kamba ile, je, nani alistahili kuishika?