Vyeupe Vyote na Mkeka Mmoja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wajukuu wa watu hawa bado wanacheza uani, palikuwa na mkeka mmoja uliogoma kwisha.

Ulikuwa mkeka wa Bi Mwantumu, mke wa Mzee Semkiwa, katika mji mdogo wa michungwa chini ya milima. Bi Mwantumu alianza kusuka ukili akiwa na miaka tisa. Alisuka akiongea, alisuka akicheka, alisuka macho yakiwa barabarani akitazama nani kapita na nani. Vidole vilijua kazi yao. Kisha akapata kisukari. Baada ya kisukari, presha. Baada ya presha, ganzi. Ganzi ilianza miguuni, na mwaka wa pili ikafika vidoleni. Siku moja alisuka urefu wa mkono, akautazama, akaona ameruka jani. Akafumua, akasuka tena, akaruka tena. Akaukunja mkeka uliofika nusu, akauegemeza ukutani.

"Mkeka huu nikiumaliza siuuzi," alisema mbele ya watu waliokuja kumjulia hali. "Atakayeukalia ni yule atakayenirudishia vidole vyangu. Mashahidi ni nyinyi."

Semkiwa alisikia. Alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minne, na aliujua uzito wa neno lililosemwa mbele ya mashahidi. Mkeka ukangoja.

Akaja Mbwana. Mbwana alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mwantumu, mwalimu wa mazoezi katika mji mkubwa.

"Shangazi, nilikuwa na kilo mia moja na kumi na saba. Nitazame sasa."

"Nakutazama, mwanangu. Naona suruali imebaki, mwenyewe kaondoka."

Mbwana akacheka, kisha akakaa akaeleza kwa dhati. Wali, acha. Ugali, acha. Mkate, chapati, viazi, muhogo, ndizi, soda, acha. Kula nyama, kula samaki, kula mayai, kula mboga za majani na parachichi. Mwili ukikosa wanga utachoma mafuta, na sukari ya damu itashuka.

"Orodha ndefu hiyo, na kichwa changu kizee. Nifupishie."

"Basi kwa kifupi, shangazi: acha vyeupe vyote."

Neno hilo likaingia. Mbwana akapanda basi akaenda zake, neno likabaki.

Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Aliingia jikoni. Mchele, mweupe, ukatoka. Unga, mweupe, ukatoka. Sukari, nyeupe, akaifungia kabatini kwa ajili ya chai ya wageni. Tui la nazi, jeupe, basi. Mayai alikula viini, na ute akampa paka, ambaye kwa muda mfupi alinenepa kama karani. Mwisho akafika kwenye kopo la chumvi. Akalifungua, akachungulia.

"Mama Kidawa," Semkiwa akamwita kwa jina la binti yao, "na chumvi nayo?"

"Ni nyeupe au si nyeupe?"

"Nyeupe."

"Basi. Na hospitali walisema niipunguze, kwa sababu ya presha. Wakubwa wawili wamekubaliana."

Mzee wa baraza akalifunika kopo. Kopo la chumvi likaenda kwa jirani. Naye Semkiwa, ili mkewe asinuse ugali ndani ya nyumba, akawa anakula ugali wake kwenye mgahawa wa stendi, na kabla ya kuingia ndani anasukutua mdomo kama kijana anayeficha sigara.

Hidaya alikuwa dada yake Semkiwa, mjane aliyeishi nao, mwanamke wa maneno machache. Kila asubuhi alimtoboa wifi yake kidole kwa kipimo cha sukari na kuandika daftarini. Wiki ya kwanza, kumi na saba. Wiki ya pili, kumi na moja. Wiki ya nne, saba. Siku ya saba hiyo, Hidaya alipotoboa, Bi Mwantumu alishtuka.

"Aa! Wifi, unaniua!"

Kisha wote watatu, Semkiwa naye, wakakitazama kidole kile, maana kilikuwa hakijasikia sindano kwa muda mrefu. Bi Mwantumu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akautoa mkeka ukutani, akasuka majani kumi bila kuruka. Semkiwa aliyahesabu.

Lakini furaha ile haikukaa. Kichwa kikaanza kumgonga. Akisimama, nyumba inazunguka. Asubuhi akinyoosha miguu, mashavu ya miguu yanakaza mpaka anapiga kelele. Choo kikawa kigumu kama kokoto. Pumzi ikanuka kama embe lililochacha. Wakampigia Mbwana simu.

"Ni mwili unazoea, shangazi. Kunywa maji mengi."

Akanywa maji mengi. Kizunguzungu kikazidi. Wakapiga tena.

"Ni mwili unazoea, shangazi. Vumilia, ongeza maji."

Akaongeza maji, akavumilia. Na dawa zake za sukari na za presha akaendelea kuzimeza kama siku zote, vidonge vilevile, kipimo kilekile, maana hakuna aliyemwambia vinginevyo. Mkeka ukangoja.

Sasa akaja Bi Chausiku, jirani, yule aliyepewa kopo la chumvi. Bi Chausiku alipika supu ya kongoro iliyojulikana mtaa mzima, na hakuwa na subira na wagonjwa wanaojitesa.

"Shoga, vyeupe umeacha. Na kanzu ya mumeo nayo umeitoa nje? Nyeupe ile."

"Niache, Chausiku. Hiyo supu ina chumvi?"

"Haina hata punje."

Ilikuwa nayo. Bi Chausiku aliitia chumvi kwa mkono wake, akaapa haina, na uso haukumbadilika. Hakujua lolote juu ya mwili na chumvi. Alichojua ni kwamba mtu hawezi kuishi kwa chakula chapwa, na kwamba shoga yake anakwisha mbele ya macho yake.

Bi Mwantumu alikunywa. Jioni ile akasimama bila kushika ukuta. Kesho yake Bi Chausiku akaleta tena, akaapa tena. Siku za supu, Bi Mwantumu alitembea mpaka barabarani. Siku Bi Chausiku aliposafiri, kizunguzungu kilirudi. Hidaya aliandika yote: supu, alisimama; hakuna supu, alishika ukuta; supu, alisuka.

Hidaya akautazama ukurasa huo siku mbili. Alikwisha kuonja supu, akajua ina chumvi. Angeweza kusema. Lakini alijiuliza: je, ni chumvi, au ni mafuta ya kongoro, au ni ile furaha ya kutembelewa? Akimwambia wifi yake kuna chumvi na kumbe siyo iliyomsaidia, supu itakataliwa na ushoga utavunjika bure. Alitaka kuwa na hakika. Akamwendea Bi Chausiku.

"Jirani, mgonjwa amekinai. Pumzisha supu siku nne."

Mgonjwa hakuwa amekinai. Huo nao ulikuwa uongo.

Siku ya kwanza, kichwa. Siku ya pili, miguu. Siku ya tatu, Bi Mwantumu hakula chochote ila kikombe cha maji, na dawa akameza. Siku ya nne saa tano asubuhi, alisimama kuwafungulia kuku mlango, akaanguka kizingitini.

Semkiwa ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpakata. Jasho lilikuwa la baridi, midomo inatetemeka, macho yanamtazama yasimjue. Miaka thelathini na nane alikuwa amezoea kuamka na kukuta birika limekwisha kujazwa maji ya watu wawili. Pale sakafuni, kwa muda usiofika dakika, aliliona birika lenye maji ya kikombe kimoja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hidaya. Hidaya. Hidaya."

Hidaya alitoboa kidole. Mbili nukta tisa, chini mno. Akakimbilia kabatini kwenye sukari ya wageni, akachota, akapeleka mdomoni. Na Bi Mwantumu, akili zikiwa zimebaki kidogo, akayabana meno.

"Nyeupe hiyo," alisema.

"Ndiyo, nyeupe! Fungua mdomo, wifi, ramba!"

"Mbwana kasema..."

"Mbwana hayupo hapa! Mimi nipo! Fungua!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia Hidaya akipaza sauti. Bi Mwantumu akafungua. Akaramba kidogo, akameza. Akaramba tena, akameza. Baada ya robo saa akamtazama mumewe na kumwuliza kama kuku wametoka.

Wakampeleka zahanati, Hidaya na daftari lake kwapani. Tabibu, mama mtu mzima mwenye miwani, akasoma kurasa zote, mbele na nyuma. Kisha akavua miwani.

"Nani amewaambia wali uondoke na dawa zibaki zilezile? Sukari imeshuka kwa chakula, kidonge nacho kinaishusha. Presha imeshuka, kidonge nacho kinaishusha. Na mtu akiacha wanga, mwili unamwaga maji, na maji yanaondoka na chumvi. Nyinyi mkamwondolea na ile ya chakula, mkamjaza maji matupu. Mlitaka asimame kwa nguvu ipi?"

Akapunguza dawa moja, akaisimamisha nyingine. Akaandika: chumvi irudi kwa kipimo cha tabibu mwenyewe, presha ipimwe kila wiki. Mchicha kila siku, parachichi, maji ya kiasi, na choo kitalainika. Pumzi isiwatishe, mradi mgonjwa hatapiki na hahemi kwa shida. Akianza hayo aletwe siku hiyohiyo. Na ute wa yai ale mwenyewe, si paka.

"Daktari," Bi Mwantumu akasema, "nina mkeka wangu..."

"Mimi nipo kazini, mama. Nitoe kwenye huo mkeka."

Wiki zikapita. Kizunguzungu kikaisha, miguu ikaacha kukaza. Ganzi haikuondoka yote, lakini vidole sita vikarudi kuwa vyake, na vidole sita vilimtosha Bi Mwantumu. Akasuka, akashona, akapinda kingo. Mkeka ukaisha, mwekundu na wa kijani, na weupe katikati. Alisema ameutia makusudi.

Akawaita Ijumaa baada ya sala. Mbwana akaja kwa basi. Bi Chausiku akaja na supu. Hidaya alikuwepo. Mkeka ukatandikwa katikati ya chumba, na hakuna aliyeukalia.

Mbwana akasema: "Shangazi, bila mimi ungekuwa bado kwenye kumi na saba na vidole vimekufa. Njia niliionyesha mimi. Neno nililisema vibaya, nakiri, na simu nilijibu kivivu. Lakini wote hawa walirekebisha safari. Safari yenyewe aliianzisha nani?"

Bi Chausiku akasema: "Yeye alisema uvumilie. Hospitali walisema upunguze. Mumeo alinyamaza. Mimi peke yangu nilikuona unakufa nikakupa ulichokosa. Nilikudanganya? Nilikudanganya, tena kwa kiapo, na ningekudanganya leo. Sikujua ninatibu nini. Lakini nani alikusimamisha?"

"Mimi ndiye niliyejua," Hidaya akasema. "Wao walibahatisha, mimi niliandika. Sukari niliitia mimi mdomoni. Daftari lilienda zahanati mikononi mwangu. Na supu niliikatiza mimi, wifi, ili niwe na hakika. Ulianguka kwa hakika yangu. Kila nikiutazama mkeka huu nauona mlango ule."

Bi Chausiku akataka kusema kitu kikali, akamtazama Hidaya usoni, akakiacha.

"Haya, Baba Kidawa," Bi Mwantumu akamwambia mumewe. "Wewe ndiye mzee wa baraza. Niliahidi mbele ya mashahidi, na mkeka ni mmoja. Nikiukata utafumuka. Amua."

Semkiwa aliwatazama mmoja mmoja. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameamua mipaka, mbuzi na talaka, na kila mara alikuwa na la kusema. Sasa alikuwa anaisikiliza sauti ya mkewe ikimwita Baba Kidawa, na kwa ajili ya sauti hiyo angempa kila mmoja mkeka, na nyumba juu yake. Lakini mkewe hakuomba shukrani zake. Aliomba hukumu.

"Ngojeni nichemshe chai," akasema.

Akaenda jikoni, akalifungua birika, akatia maji ya vikombe vitano.

Yuko jikoni bado, na maji yanakaribia kuchemka. Mkeka umetandikwa, haujakaliwa. Yuko aliyeonyesha njia kwa neno bovu, yuko aliyetoa dawa kwa kiapo cha uongo, yuko aliyeokoa roho baada ya kuiweka hatarini. Nyinyi mliosikia, msaidieni mzee kabla hajatoka na sinia: mkeka wa Bi Mwantumu, aukalie nani?