Neno Moja kwa Jini wa Pete

Alikuwako Sultani Shahbandi bin Murtadha, mtawala wa mji wa Zahrani, na kuba la msikiti wake lilipopasuka alighadhibika, akaamuru mwashi Haidari, aliyelijenga, apelekwe kisiwa cha Ukingo akakatwe shingo kesho yake adhuhuri. Asubuhi yake ikabainika kwamba kuba lilipasuliwa na tetemeko, na Sultani akajuta, akaandika msamaha, na ili walinzi wausadiki akavua na pete yake ya kale. Lakini maji yalikuwa yamekupwa na upepo ni mkali, na manahodha wakasema, "Maulana, vyombo vyetu havipiti kwenye mafungu ya mchanga yaliyo njiani." Basi Mwanashuhuda, mke wa Haidari, mshona matanga, akaivaa pete ile, akatweka tanga la kimashua cha babake.

Akaenda akiyasoma maji: meupe ni ya magotini, ya kijani yanapitika. Alipoivuta kamba ya tanga ikaisugua pete, na jini akatokea tezini, kashika usukani.

"Labeka, bibi! Agiza neno moja, nitalitii mpaka alasiri."

Mbele yao fungu lilikuwa likitoa povu, na Mwanashuhuda, macho kwenye povu, akapiga kelele kama alivyozoea kumpigia mumewe chombo kinapotaka kugeuzwa upepo uingie upande wa pili: "Bisha!"

Jini alikuwa wa majabalini, lugha ya chombo hakuijua. Akauachia usukani, akakunja mikono.

"Nibishe nini?"

"Fungu hilo!"

"Si fungu."

"Geuza, mwehu we!"

"Mimi si mwehu, na sigeuzi."

Kimashua kikapanda fungu, usukani ukavunjika.

"Nipeleke kisiwani!"

"Sikupeleki."

"Basi usinipeleke."

"Nitakupeleka," akasema jini, na asiinue hata kidole, maana aliamriwa kubisha, hakuamriwa kutenda.

Mwanashuhuda akatua tanga, akashika upondo, akasukuma, na kila wimbi likamrudisha, na jua likapanda utosini.

"Tumechelewa," akalia.

"Hatujachelewa," akajibu jini, na Mwanashuhuda akamchukia kwa kumtia tumaini.

Alipofika, mlinzi mzee akausoma msamaha, akaketi mchangani. "Mwanangu, tumemaliza sasa hivi."

"Amekufa," akasema Mwanashuhuda.

"Hajafa," akasema jini.

Mlinzi akainua rungu. "Mnyamazishe huyo mshenzi!"

"Mwache, baba." Kisha akasema tena, polepole, "Amekufa."

"Hajafa, bibi."

Wakawa hivyo, yeye akisema na jini akimbishia, mpaka ilipoadhiniwa alasiri, na jini akanyamaza.

Sultani akampa mali isiyobebeka, na eda ilipokwisha akaolewa na mtu mwema, wala sisemi kwamba hakucheka tena. Nawe uliyenisikiliza, usimlaani jini, maana alitii. Ila ukiwa na neno moja tu, mtazame kwanza unayemwambia.