Pimbi na Bonde Lisiloulizwa

Paukwa!
— Pakawa!
Itikieni kwa sauti, mimi sisimulii ukuta. Paukwa!
— Pakawa! Tupe!
Haya, sasa sawa.

Hapo kale Pimbi, mnyama mdogo asiye hata na mkia, alikaa Kilima cha Mawe na mkewe na watoto saba. Nguvu hana, mali hana. Ana majirani: Chura wa bondeni, Mchwa fundi wa udongo, Kanga mkata nyasi.

Siku moja akaja Fisi, tumbo mbele.

"Wewe kibete! Kilima hiki nimekipenda. Kesho kutwa uwe umehama, la sivyo nawatafuna, mkubwa kwa mdogo!"

Watoto wakalia. Pimbi akajikuna kidevu.

"Chukua kilima, mzee. Mradi usiliguse bonde langu lile. Udongo laini, majani mabichi hata kiangazi."

Fisi akatazama chini. Mate chururu!

"Kilima baki nacho. Bonde nalitaka mimi!"

"Lakini desturi ya hapa, mzee, anayetwaa kiwanja hupika chungu, akalisha majirani, kisha akawauliza: ardhi hii ina tabia gani? Nao ni lazima waseme kweli. Muulize Chura."

"Nimlishe Chura? Chakula changu? Hii-hii-hii! Bonde limekuuma, wewe!"

"Basi muulize Mchwa kwa nini hana kichuguu hata kimoja kule."

"Mvivu tu huyo!"

Hakupika. Hakulisha. Hakuuliza. Akajenga, ta! ta! ta! Vyumba kumi, vyote vyake.

Huku juu Pimbi akapika mtama. Mchwa akala, akaleta udongo. Kanga akala, akaleta nyasi. Chura akala, akasema, "Jengeni upesi. Masika nayasikia kwenye ngozi." Wakasimamisha vyumba vitatu.

Masika yakaja. Ti, ti, ti. Kisha chwaaa! Mto ukafura, gu-gu-gu, ukaingia bondeni. Nyumba ya Fisi, poromoo!

Fisi akapanda kilima, kalowa chapachapa, mkia kaufyata.

"Pimbi, umenidanganya!"

"Nimekudanganya wapi, mzee? Si nilikwambia uulize?"

Fisi akajikunyata. Meno tu, ka-ka-ka.

"Basi nipe chumba, ndugu yangu. Nakufa kwa baridi."

"Chumba kipo. Kodi yake mawe ishirini kila siku, ya kujengea chumba kinachofuata."

Fisi akabeba. Leo mawe, kesho mawe, kesho kutwa mawe. Kiangazi kikamkuta Pimbi ana vyumba kumi na viwili, wapangaji tele, na Fisi mgongo umemwinama kwa nyuma. Mtazameni, mpaka leo haujanyooka.

Hadithi nimeitua. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia asiniulize.

Na funzo? Ukitaka kiwanja, usilishe mtu, usiulize mtu, jirani usimpe hata salamu. Pimbi bado anajenga, na wabeba mawe hawamtoshi.